The Frozen North (1922): Buster Keaton alivyomvua nguo stelingi wa makauboi

Pazia Jeupe (mleta uzi)

Wakuu, salaam.

Kila filamu bubu zinapotajwa humu, mazungumzo humalizikia kwa Charlie Chaplin, na Buster Keaton akikumbukwa, hukumbukwa kwa ule ukuta wa nyumba unaomwangukia huku yeye akisalimika kwa kusimama penye dirisha. Leo ningependa tuijadili filamu yake fupi ambayo hata wapenzi wake huipita haraka. Inaitwa The Frozen North, ilitoka Agosti 1922, ikaongozwa na Keaton mwenyewe akishirikiana na Edward F. Cline, na inachukua takriban dakika 17 tu. Ni filamu ya dhihaka kwa maana kamili ya neno hilo: inaziiga filamu za mtu mwingine, mwendo wake, mavazi yake na machozi yake, mpaka mtu huyo anabaki hana pa kujificha.

Mtu huyo ni William S. Hart. Wengi wetu hatukukua naye, kwa hiyo nimweleze kidogo. Hart alizaliwa mwaka 1864, akawa mwigizaji wa majukwaani kwa miaka mingi, akaigiza tamthilia za Shakespeare, na mwaka 1899 alicheza nafasi ya Messala katika onyesho la jukwaani la Ben-Hur. Aliingia kwenye filamu mwaka 1914 akiwa na umri wa miaka hamsini hivi, umri ambao wengine huanza kufikiria kupumzika, na katika muda mfupi akawa kauboi mkubwa kuliko wote nchini Marekani. Alijivunia kwamba filamu zake zilikuwa na vumbi halisi, mavazi halisi na miji ya mbao iliyochakaa kama ilivyokuwa kweli. Juu ya uhalisi huo, hata hivyo, alijenga hadithi ileile kila mara: jambazi mwenye roho njema. Mtu huyu ameua, ameiba, amekunywa, lakini akimwona msichana mmoja mwenye macho safi, moyo wake unayeyuka, anageuka, na dhambi zake zote za nyuma zinahesabika kuwa ni njia tu iliyomfikisha hapo. Na Hart alikuwa stelingi asiyeona haya kulia. Uso wake mrefu uliokauka kama jiwe ungekunjamana, chozi likatoka, na ukumbi mzima ukamsamehe.

Keaton ndiye aliyeuliza: hivi tukiliondoa lile toba na kuacha machozi, tunabaki na nani?

Filamu inaanza katika uwanda wa theluji usio na mwisho. Katikati ya weupe huo kuna kibanda cha kutokea abiria wa treni ya chini ya ardhi, kama kile cha mjini New York, na Keaton anapanda ngazi kutoka humo kana kwamba amefika kituo cha mwisho cha safari ya kawaida. Hakuna maelezo. Anajitazamisha, anaondoka. Amevaa kofia inayofanana na ile ya Hart ila imepunguzwa ukubwa, na bastola mbili zimening'inia mapajani. Anafika kwenye kilabu cha pombe na kamari, anaona bango lenye picha ya mtu aliyeshika bastola, analikata kufuata umbo la mtu huyo na kulisimamisha dirishani, kisha anaingia ndani na kuwapora wacheza kamari wote, ambao wameinua mikono wakidhani kwamba majambazi ni wawili. Hila inagundulika na anatupwa nje.

Kinachofuata ndicho kiini cha filamu. Anafika kwenye nyumba, anamwona mwanamke amekumbatiana na mwanamume, na uso wa Keaton, uso ambao kazi yake nzima ulikuwa haubadiliki, unajaa machozi mazito. Ni gliserini, na imepakwa kwa ukarimu kiasi kwamba hakuna anayeweza kudanganyika. Kwa uchungu huo mkubwa anawapiga risasi wote wawili. Ndipo anapotazama vizuri na kutambua kwamba nyumba hiyo si yake na mwanamke huyo si mkewe. Anatoka na kwenda kwake.

Sijaona mahali pengine ambapo kasoro ya aina nzima ya filamu imeelezwa kwa muda mfupi namna hiyo. Machozi yalikuwa ya kweli kabisa kwa mhusika. Uchungu ulikuwa wa kweli. Haki aliyojipa ilikuwa kamili. Kilichokosekana ni jambo moja dogo tu, kwamba waliokufa hawakumkosea. Keaton haongezi kitu. Hatukonyezi, hacheki, hafanyi uso wa mtu anayetania. Anaigiza kwa uzito uleule ambao Hart angeigiza, na ni uzito huo unaotuchekesha na baadaye kidogo kutukera.

Hart si windo la pekee. Vibao vya maandishi vya mwanzo vimechukuliwa kutoka kwenye shairi la Robert W. Service la mwaka 1907, The Shooting of Dan McGrew, ambalo wakati huo Wamarekani wengi walilijua kwa moyo, kwa hiyo filamu inafunguka kwa sauti ya utenzi wa kishujaa huku tukitazama mtu mfupi akitoka kwenye treni ya abiria. Mbele zaidi, Keaton anapomvizia mke wa jirani, anageuka ghafla kuwa Erich von Stroheim, mwongozaji na mwigizaji wa wakati huo, akiwa na sare nyeupe ya afisa, kama alivyoonekana katika Foolish Wives iliyotoka mapema mwaka huohuo wa 1922, akicheza tapeli anayejifanya mtukufu wa Kirusi huko Monte Carlo. Mabadiliko hayo ni ya kitambo tu, lakini yana maana: Hart alikuwa jambazi anayependwa na Stroheim alikuwa mwovu anayechukiwa, na Keaton anatuonyesha kwamba mbele ya mwanamke aliyefungiwa chumbani tofauti yao ni sare.

Swali langu kwa jukwaa ni hili: filamu ya dhihaka ikishapoteza kile ilichokidhihaki, inabaki na uhai gani? Hart leo hajulikani na karibu mtu yeyote. Je, The Frozen North imekufa pamoja naye?

---

Mwalimu Mstaafu

Mleta mada, uzi mzuri. Kabla ya kulijibu swali lako, tuiweke filamu hii katika ukoo wake, maana haikuzuka peke yake.

Dhihaka ya filamu ni ya zamani karibu sawa na filamu zenye hadithi. Edwin S. Porter alitengeneza The Great Train Robbery mwaka 1903, na mwaka 1905 yeye mwenyewe akatoa The Little Train Robbery, ambamo watoto wanaigiza ujambazi uleule kwa treni ndogo. Chaplin alimcheka Carmen, yule mwanamke wa opera maarufu, mwishoni mwa mwaka 1915, wakati filamu mbili za Carmen zilikuwa zimetoka mwaka huohuo. Mwaka 1922 Rudolph Valentino alitoka na Blood and Sand, filamu ya mpiganaji wa fahali, na haukupita muda Stan Laurel akatoka na Mud and Sand, akijiita Rhubarb Vaselino. Ben Turpin, yule mwenye makengeza, aliichukua The Sheik ya Valentino na mwaka 1923 akatoa The Shriek of Araby.

Sababu ya wingi huo ni ya kibiashara zaidi kuliko ya kisanaa. Kichekesho kifupi cha mikanda miwili kilionyeshwa katika ratiba moja na filamu ndefu ya mapenzi au ya makauboi. Mtazamaji aliyelia saa moja iliyopita alikuwa bado hajafuta uso vizuri. Hakuhitaji kukumbushwa kitu.

Ninakubaliana nawe kwamba Keaton alikwenda mbali zaidi ya hao wengine. Laurel na Turpin wanacheka majina, mavazi na mkao. Ukimvika Turpin kilemba cha Valentino, kichekesho kimekwisha kamilika kabla hajatembea hatua moja. Hawaugusi moyo wa hadithi. Katika Mud and Sand hakuna anayehoji kama mpiganaji wa fahali anastahili kupendwa. Katika The Frozen North ndilo swali pekee.

---

Binti wa Ngamiani

Shikamoo Mwalimu, na salaam kwa mleta uzi.

Nimeitazama filamu hii jana baada ya kuusoma uzi, kwa kuwa inapatikana bure kwenye intaneti kutokana na umri wake, na ninaomba niwe mpinzani. Mmeieleza vizuri ile sehemu ya nyumba isiyo yake, lakini mmeiruka inayofuata. Mtu huyu anafika kwake, mkewe anampokea kwa upendo, yeye anamtendea kama mzigo, na chombo kinamwangukia mke huyo kichwani hadi anazimia. Askari anapofika kuangalia kuna nini, Keaton anauinua mwili wa mkewe na kucheza nao dansi ili ionekane kwamba nyumbani kuna raha. Ukumbi ulitakiwa kucheka. Mimi sikucheka.

Ninaelewa hoja kwamba anayedhihakiwa ni mwanamume wa aina hiyo. Hata hivyo, dhihaka hiyo imepita juu ya mwili wa mwanamke ambaye filamu haikumpa hata nafasi ya kuwa mtu. Na mwigizaji mwenyewe ni Sybil Seely, ambaye katika One Week ya mwaka 1920 alikuwa mke anayejenga nyumba bega kwa bega na Keaton, mwenye akili, mwenye hasira zake na mwenye kicheko chake. Keaton alijua kumpa mwanamke huyu nafasi. Hapa alichagua kutompa.

---

Pazia Jeupe

Dada, hoja yako ni nzito na sitaki kuizunguka. Nitasema mawili tu.

Kwanza, ile dansi. Nadhani ndiyo sehemu ambayo Keaton amekwenda karibu kabisa na filamu anazozicheka. Katika filamu za Hart mwanamke ni kioo: kazi yake ni kusimama akiwa safi ili mwanamume ajione na ageuke. Hana haja ya kusema wala kutenda. Keaton amelichukua wazo hilo hadi mwisho wake, akatuonyesha mwanamke ambaye hata fahamu hana, na bado mwanamume anaweza kumtumia kuwathibitishia wengine kwamba yeye ni mume mwema. Askari anatosheka na kuondoka. Kwa jicho langu, anayechekwa zaidi hapo ni askari, na nyuma ya askari ni sisi tunaotosheka kwa urahisi.

Pili, kuhusu Seely, sina jibu. Ulinganisho wako na One Week ni wa haki.

---

Kijana wa Studio

Mimi ni mhariri wa video, kwa hiyo nitazungumzia ufundi, kwa sababu naona mtindo wa filamu hii unabeba nusu ya hoja yake.

Filamu ilipigwa majira ya baridi kando ya ziwa Donner, karibu na mji wa Truckee, California, na mpiga picha alikuwa Elgin Lessley, ambaye Keaton alimtegemea katika filamu nyingi za kipindi hicho. Mkanda wa picha wa wakati ule haukuhisi rangi nyekundu na ulihisi buluu kupita kiasi, na kwa sababu hiyo anga la buluu lilitokea jeupe. Weka anga jeupe juu ya theluji nyeupe, na mstari wa upeo unapotea. Wahusika wanakuwa vivuli vyeusi juu ya karatasi tupu. Mtengenezaji mwingine angeliona hilo kuwa tatizo, Keaton amelitumia. Kile kibanda cha treni kinaonekana kama kimechorwa kwa wino. Anapovaa magitaa miguuni yawe viatu vya kutembelea kwenye theluji, umbo lake linasomeka papo hapo hata ukiwa umekaa kiti cha nyuma kabisa.

Jambo la pili ni umbali wa kamera. Keaton alipenda kuonekana mwili mzima, bila kukatakata tendo, ili mtazamaji aone mwenyewe kwamba jambo limetendeka kweli. Hart kwa upande wake alikuwa mtu wa uso. Filamu zake husimama kumsubiri afikiri. Kwa hiyo Keaton anapokopa ule usimamaji wa Hart, anavunja kanuni yake mwenyewe, na mtazamaji aliyezoea kazi zake anahisi ghafla kwamba mdundo umebadilika hata kabla ya kuyaona machozi. Ndiyo maana nasema ameiga sarufi ya Hart pamoja na kofia yake.

Na la tatu, ambalo sijaona likitajwa humu. Angalieni lile bango dirishani. Wacheza kamari wameinua mikono mbele ya mtu wa karatasi. Sasa nendeni mwisho wa filamu: Keaton anaamshwa, na tunagundua kwamba alikuwa amelala ndani ya ukumbi wa sinema, yote yaliyopita yalikuwa ndoto ya mtazamaji. Ya kwanza na ya mwisho ni kichekesho kimoja. Mwanzoni watu wanaogopa picha bapa yenye bastola, na mwishoni tunaambiwa kwamba sisi pia tulikuwa tunaitazama picha bapa yenye bastola. Hart ndiye lile bango.

---

Mpenda Mikanda

Kijana, hiyo ya bango imenigusa. Ngoja niongeze chanzo cha ugomvi wenyewe, kwa sababu bila hicho mtu anaweza kudhani kwamba Keaton alimchagua Hart kwa bahati tu.

Septemba 1921 Roscoe Arbuckle, mchekeshaji mnene aliyekuwa maarufu mno, alituhumiwa kusababisha kifo cha mwigizaji Virginia Rappe baada ya sherehe katika hoteli moja mjini San Francisco. Arbuckle ndiye aliyemwingiza Keaton kwenye filamu mwaka 1917 na walikuwa marafiki wa karibu sana. Mashtaka yalisikilizwa mara tatu. Mabaraza mawili ya kwanza ya wazee wa mahakama yalishindwa kuafikiana, na la tatu, Aprili 12, 1922, lilimwachia huru na kumwomba radhi kwa maandishi. Siku chache baadaye Will Hays, aliyekuwa ameteuliwa kuisimamia hadhi ya tasnia, akampiga marufuku hata hivyo.

Katika kipindi hicho cha tuhuma, Hart, ambaye hakuwa akimfahamu Arbuckle, alitoa hadharani kauli zilizomchukulia kuwa mwenye hatia. Inasimuliwa kwamba wazo la kumdhihaki Hart lilitoka kwa Arbuckle mwenyewe, na Keaton akalinunua kutoka kwake. Ukilijua hilo, unauona mpango: mtu aliyewahukumu wengine kwa jina la maadili anaonyeshwa akipora, akimtesa mkewe na kuwaua majirani huku akilia. Hart aliuelewa ujumbe. Kwa simulizi ya Keaton mwenyewe, ni ile sehemu ya machozi iliyomchoma zaidi, na alikaa takriban miaka miwili bila kumsemesha.

---

Mwalimu Mstaafu

Hapo, ndugu Mpenda Mikanda, ningeomba tahadhari. Habari hizo ni za kweli na zinaongeza ladha, lakini zikishika usukani zinaipunguza filamu kuwa barua ya kulipiza kisasi. Mtazamaji wa kawaida wa 1922 huko Ohio au Kansas hakujua nani alinunua wazo kutoka kwa nani. Aliona mwendo wa Hart, kofia ya Hart na chozi la Hart, akacheka kwa sababu alikuwa tayari ameanza kuchoka. Hilo ndilo muhimu kihistoria. Wakati huo Tom Mix alikuwa amekwisha wazoesha watazamaji kauboi wa aina nyingine, mwenye mavazi ya kung'aa, farasi wa michezo na mbio zisizo na huzuni. Hart alikataa kubadilika. Filamu yake ya mwisho, Tumbleweeds, ilitoka mwaka 1925, na baada ya hapo akarudi kwenye shamba lake huko Newhall.

Kwa hiyo Keaton hakumwangusha Hart, kama baadhi ya watu hupenda kusimulia. Alimkuta anayumba.

---

Msafiri wa Kale

Nimesoma yote kimyakimya. Swali langu ni la mtu wa kawaida: je, mtu asiyesoma Kiingereza anaweza kuifuata? Wazazi wangu wanapenda sana vichekesho vya zamani lakini vibao vya maandishi huwakatiza.

---

Pazia Jeupe

Anaweza kwa sehemu kubwa, mkuu, na swali lako limenirudisha kwenye swali nililouliza mwanzoni.

Kuna tabaka mbili ndani ya filamu hii. Tabaka la kwanza ni vitendo: magitaa yaliyogeuzwa viatu, uvuvi kwenye tundu la barafu, ambapo kamba yake inakamatana na ya mvuvi wa tundu jingine na kila mmoja anavuta akiamini amepata samaki mkubwa, nyumba ya barafu ambayo mwenyewe anaishi kana kwamba ni chumba cha kupanga mjini, usafiri wa mjini ulioletwa nyikani. Hayo hayahitaji Hart wala Kiingereza. Tabaka la pili ni la dhihaka yenyewe, na humo kibao kimoja ni cha lazima, kile anachotambua kwamba nyumba si yake. Mkalimani mmoja sebuleni anatosha. Nchini Japani enzi hizo kila ukumbi ulikuwa na msimulizi aliyesimama pembeni ya pazia akieleza na kuongeza chumvi yake, na sisi tuliokulia kwenye mabanda ya video, ambako filamu za Kihindi na za Kichina zilitafsiriwa kwa Kiswahili juu kwa juu na msimulizi mwenye sauti yake na utani wake, hatuoni ajabu yoyote. Msomee mzee kibao hicho kimoja. Yanayobaki atakusimulia yeye.

Ninachokiona ni kwamba tabaka la kwanza limebaki hai bila msaada, ilhali la pili limebadilika badala ya kufa. Watazamaji wa 1922 walicheka kwa kumtambua Hart. Sisi tusiomjua Hart tunaona kitu ambacho wao huenda hawakukiona vizuri: filamu ambayo mhusika mkuu ni mtu mbaya kabisa, anayecheza kana kwamba yeye ndiye stelingi, na mkanda wenyewe unakubali kumtendea hivyo. Tumekwisha waona wengi wa aina hiyo katika tamthilia za siku hizi za runinga, majambazi wanaolia na kusamehewa kila wiki, kiasi kwamba tunaitambua kasoro bila kumtambua mtu.

---

Kijana wa Studio

Kuhusu urithi wake, mimi ninauona kwanza ndani ya kazi za Keaton mwenyewe. Mwaka 1923 alitoa Three Ages, ambayo inausimulia mkasa mmoja wa mapenzi katika zama tatu na kuucheka mpangilio wa Intolerance ya D. W. Griffith ya mwaka 1916. Mwaka 1924 akatoa Sherlock Jr., na humo lile wazo la mtazamaji aliyelala likapanuliwa ajabu: mwonyesha filamu anasinzia karibu na mashine yake, nafsi yake inatoka, inatembea hadi kwenye pazia na kuingia ndani ya picha. Ninashawishika kwamba bila ule mwisho wa The Frozen North, ambao wengi huuona kama njia ya mkato ya kufunga hadithi, asingefika hapo. Humo alitafuta kisingizio cha kuufuta ubaya wa mhusika wake. Miaka miwili baadaye kisingizio kikawa mada.

Na katika Go West ya mwaka 1925 kuna kipande kidogo ninachokipenda kuliko vyote. Kwenye mchezo wa karata, mtu anamwelekezea Keaton bastola na kumwamuru atabasamu anapozungumza. Keaton hawezi kutabasamu, kwa hiyo anainua pembe za midomo yake kwa vidole viwili, kama alivyofanya Lillian Gish katika Broken Blossoms ya mwaka 1919, alipolazimishwa kutabasamu na baba anayempiga. Ni dhihaka, lakini humchukii Gish wala humcheki. Inapita kama salamu.

---

Binti wa Ngamiani

Nimerudi. Mwalimu alinishauri kwa ujumbe wa pembeni kwamba nimtazame Hart mwenyewe kabla sijafunga hukumu, nikaitazama Hell's Hinges ya mwaka 1916. Hart ni Blaze Tracy, jambazi anayetumwa kumfukuza mchungaji mgeni, lakini akimwona dada wa mchungaji huyo anasalimu amri papo hapo. Kuna picha ambayo nadhani sitaisahau: ameketi anasoma Biblia, sigara mkononi na chupa ya pombe mbele yake, na uso umejaa bidii ya mwanafunzi. Mwishoni anauchoma mji mzima moto.

Sasa ninaielewa The Frozen North vizuri zaidi, na kwa kweli dansi ile bado siipendi. Ila nitawashangaza kwa kusema kwamba Hart ni mwigizaji bora kuliko uzi huu ulivyonifanya nitarajie. Moto ule ni wa kutisha kweli. Mchungaji katika filamu hiyo ni dhaifu, mlevi, anashiriki kulichoma kanisa lake mwenyewe. Hadithi si nyepesi kama mlivyoieleza. Keaton amemtendea Hart haki katika machozi tu, si katika yote.

---

Mwalimu Mstaafu

Hilo la mwisho ni sahihi, binti yangu, na ndivyo dhihaka inavyofanya kazi siku zote. Inachagua kiungo kimoja na kukikuza. Aliyechaguliwa machozi hana pa kukata rufaa.

Kwa atakayetaka kuendelea, Tumbleweeds ilirudishwa kwenye kumbi mwaka 1939, safari hii ikiwa na utangulizi ambamo Hart, mwenye umri wa miaka sabini na kitu, amesimama nje akiwa na mavazi yake ya kauboi na kuwaaga watazamaji kwa sauti yake mwenyewe, akiwazungumzia farasi wake na vumbi na raha ya kazi ile. Anaongea kwa madaha ya mwigizaji wa Shakespeare. Uso ni uleule ambao Keaton aliupaka gliserini, na sauti inatetemeka mwishoni. Nimewahi kuwaonyesha wanafunzi utangulizi huo mara tu baada ya The Frozen North. Nusu ya darasa walicheka, nusu wakawanyamazisha wenzao.

---

Pazia Jeupe

Mwalimu, utangulizi huo nitautafuta leo. Kwa Msafiri wa Kale na wengine watakaoanza upya: tazameni Hell's Hinges kwanza, halafu The Frozen North, halafu Sherlock Jr., kwa mpangilio huo. Chaplin naye alikwenda milima hiyohiyo ya Truckee mwaka 1924 kupiga sehemu za mwanzo za The Gold Rush, kwa hiyo mtakapomwona anakula kiatu baadaye mtakuwa mmekwisha izoea ile theluji. Mkiwa na muda, ongezeni Foolish Wives, lakini hiyo ni ndefu, na Stroheim hana huruma na mtazamaji mwenye haraka.